Dakika ishirini kabla ya kichwa

Siku binti yangu wa kati alipoungua kiganja, nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka alipo, macho yangu wazi, na sikumwona.

Ilikuwa Septemba, saa nne asubuhi, nakoroga uji uani kwenye jiko la mkaa. Tunakaa Kitangiri, hapa Mwanza, juu kwenye mawe, zile nyumba ambazo mtu akikuelekeza anakuambia pita kati ya jiwe hili na lile, kisha panda. Ukitazama chini unaona mabati ya Kirumba, halafu ziwa. Saa kama hizo mabati na maji hung'aa kwa pamoja, kwa hiyo nilipoona doa la mwanga mbele yangu nilidhani ni mng'ao wa kawaida. Nikafumba macho, nikafumbua. Doa likaanza kukua. Likajikunja kama meno ya msumeno, linametameta pembeni, na ndani yake hamna kitu. Si giza. Hamna kitu kabisa. Upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umefutika, na huko kulikofutika ndiko mtoto wa miaka miwili na nusu alikokuwa amechuchumaa, akinyoosha mkono kugusa sufuria.

Kilio ndicho kilichonionyesha alipo. Bibi anayekaa nyumba ya juu yetu alishuka mawe kwa kasi ambayo sikujua bado anayo, akamkamata mtoto, akaanza kummwagia maji kiganjani kata baada ya kata. Mama mmoja alikuja na dawa ya meno ya kupaka, mwingine akataka yai. Bibi akawakatalia wote, akasema maji tu, na hakuacha mpaka ndoo ilipokaribia kuisha. Baadaye muuguzi alituambia hivyo ndivyo inavyotakiwa, maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na hakuna cha kupaka. Kiganja kilipona, limebaki baka dogo karibu na kidole gumba. Lakini wakati ule mimi nilikuwa nyuma ya jiwe natapika, upande wa kulia wa kichwa unapwita kana kwamba kuna mtu ndani anagonga atoke, na mtoto wangu analia mikononi mwa mtu mwingine.

Kichwa hiki ninacho tangu nina miaka 19. Neno kipandauso nilikuwa nalisikia, ila nilidhani ni jina tu la kichwa kinachouma sana. Kila kilipokuja nilikwenda zahanati, nikasema kichwa na kutapika, nikapewa dawa mseto ya malaria. Mara tatu nilimeza dozi nzima na hakuna aliyenitoboa kidole kupima. Na kwa kuwa kipandauso huisha chenyewe, kwa mtu mzima kati ya saa 4 na siku 3, kila mara nilipona siku ya pili au ya tatu, na sote tukaamini ni mseto ulioniponya. Ndivyo miaka ilivyopita.

Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na sina shaka na hilo, alinipeleka kwa mtu wa chale kule kwao. Nilichanjwa kwenye panja, kulia na kushoto, dawa nyeusi ikapakwa. Alama zipo hadi leo, ndogo kama punje za ulezi. Sikumpinga kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka na maumivu hukubali mkono wowote unaonyooshwa kwake. Kichwa kilirudi baada ya wiki mbili.

Baada ya kuungua kwa mtoto ndipo nilipofika hospitali ya Bugando. Nilipanda mlima ule nikiwa na kitinda mimba mgongoni, miezi tisa, na nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nina uvimbe kichwani. Daktari, dada mdogo kuliko mimi kwa umri, aliniuliza maswali kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuulizwa na mtu yeyote wa afya. Kinaanzaje? Upande gani? Unaona nini kabla? Ukiinama kinazidi? Mwanga? Harufu? Mama yako naye? Nilipomweleza lile doa lenye meno ya msumeno alichora kwenye karatasi, akanionyesha, na ilikuwa lile lile. Nililia pale pale kwenye kiti. Watu wengine wamekwisha kuliona, limekwisha kuchorwa, lina maelezo.

Alinieleza kwamba nilichonacho ni kipandauso, na kwamba lile doa huletwa na wimbi linalopita polepole juu ya ubongo, na likipita sehemu inayoshughulikia kuona, ndipo taa zile hutokea. Si kila mwenye kipandauso huziona. Wanaoziona, kwa kawaida hudumu kati ya dakika 5 na 60, kisha maumivu hufuata. Kwangu mimi ni dakika ishirini, mara nyingine ishirini na tano.

Halafu akauliza natumia njia gani ya uzazi wa mpango. Nikasema majira. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama aliyenipa vile vidonge aliniuliza habari za kichwa. Hapana. Nilipewa miezi mitatu nyuma kwenye kituo kimoja, foleni ndefu, nikapimwa presha, nikapewa pakiti. Kumbe mwanamke anayeona zile taa hapaswi kumeza vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu kipandauso cha aina hiyo peke yake huongeza kidogo hatari ya kiharusi, na estrojeni huiongeza zaidi. Nilirudi nyuma kuhesabu: kabla ya majira niliona taa labda mara mbili kwa mwaka, baada ya majira niliziona mara nne ndani ya miezi mitatu. Niliachana nayo siku ile ile, nikawekewa kitanzi cha shaba. Dada zangu mnaosoma, kama mnaona taa kabla ya kichwa kuuma, mwambieni anayewapa uzazi wa mpango hata kama hajauliza. Sindano ya miezi mitatu, vijiti na kitanzi havina estrojeni, na mtashauriwa kipi kinawafaa. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu foleni ile nilikuwa na wenzangu zaidi ya ishirini, na sikumsikia hata mmoja akiulizwa.

Jambo la pili aliloligundua lilinitia aibu. Aliuliza nameza dawa za maumivu siku ngapi kwa mwezi. Mimi ni fundi cherehani. Desemba na Januari, watu wakitaka sare za shule na nguo za harusi kwa pamoja, nilikuwa nameza kila siku asubuhi ili kichwa kisije. Niliona ni busara. Akaniambia dawa hizo zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, mfululizo wa miezi, zenyewe huanza kuleta kichwa. Na zile zilizochanganywa, zenye kafeini ndani, siku 10 zinatosha kuleta shida. Yaani nilikuwa nakimbia kichwa huku nimekibeba. Kuacha kulikuwa kugumu. Wiki mbili za kwanza kichwa kilizidi, nilishona nguo nikiwa nimefunga khanga kichwani kwa nguvu, na nilimkaripia kila mtu nyumbani. Wiki ya tatu niliamka asubuhi moja nikasikia kunguru kwenye bati na sauti yao haikuniuma. Nilikaa kitandani nikiwasikiliza.

Alinipa pia dawa ya kuzuia, propranolo, dozi ndogo. Kwanza aliniuliza kama nina pumu, maana mwenye pumu hapewi hiyo. Kuna nyingine ya kumeza usiku, amitriptilini, ila huleta usingizi mzito na mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha anayeamka mara tatu. Propranolo aliona inafaa hata kwa anayenyonyesha. Akasema nisiihukumu kabla ya miezi miwili au mitatu, na nisiiache ghafla. Nimeimeza mwaka mmoja na nusu, kisha nikapunguziwa taratibu mpaka nikaacha. Vichwa vilishuka kutoka sita au saba kwa mwezi hadi viwili. Bado vinakuja.

Nataka kukaa zaidi kwenye zile dakika ishirini, kwa sababu ndizo zilizobadilisha nyumba yangu, kuliko hata vidonge.

Zamani, nilipoona taa, nilifanya haraka kumaliza kazi. Nimalize uji, nimalize pindo la gauni, nifue mbili tatu kabla hakijanikuta. Wanawake wengi tuko hivyo, tunataka kuanguka kazi ikiwa imekwisha. Na ni katika kumaliza huko ndipo mtoto aliungua. Sasa, doa likitokea tu, naacha. Uji ukiwa nusu, unabaki nusu. Dakika zile si za kazi, ni za watoto.

Moto kwanza. Naepua sufuria, mkaa naufukia kwa majivu, na jiko linabaki nje. Siliingizi ndani hata mvua ikinyesha, moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala. Kisha maji. Maji yakikatika sisi tunapandisha ndoo kichwani kwenye mawe, kwa hiyo mapipa yetu hujaa muda wote, na mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya magoti. Mifuniko, na jiwe juu ya mfuniko. Kisha cherehani: navua mkanda, nachomoa sindano, mkasi na pini vinapanda juu ya kabati pamoja na dawa. Ndipo nameza yangu, ibuprofeni, na kitu tumboni hata kama ni kipande cha kiazi, maana nikisubiri kichwa kiume tumbo linakuwa limeshagoma na dawa haishuki. Mlango naufunga kwa komeo la juu. Yote haya nayafanya nikigeuza kichwa kizima kutazama kushoto, kwa kuwa macho hayanipi kushoto.

Na mtu. Hapo ndipo nilipochelewa kujifunza kuliko pote. Baba watoto yuko Geita kwenye mgodi, anakuja kwa zamu. Ndugu zangu wako Sengerema. Nilikuwa naona haya kumwita Bibi kwa sababu ya kichwa. Kichwa! Mtu anaitwa kwa uchungu wa kujifungua, kwa homa ya mtoto, kwa moto. Siku moja nikiwa nimemsalimu tu, shikamoo Bibi, alinijibu marahaba halafu akanishika mkono, akaniambia, "Mayu, mimi nimezaa tisa. Unadhani niliwalea peke yangu? Ukiona hizo taa zako, tundika khanga yako nyekundu pale kwenye kamba. Mimi kutwa niko mlangoni, nitaiona." Basi ikawa hivyo. Sihitaji kuita, sihitaji kueleza, wakati mwingine hata maneno yananipotea taa zikiwa zimewaka, ulimi unakuwa mzito. Natundika khanga. Kama Bibi hayupo, mjukuu wake ananiona. Na mimi nikiwa mzima namshonea, namchotea maji, namsomea ujumbe wa simu kutoka kwa wanawe walioko Ukerewe. Hatujawahi kuhesabiana.

Lakini mara nyingi kuna nusu saa au zaidi kabla mtu hajafika, na watoto watatu hawakai kimya kwa kuombwa. Nilijaribu kuwafokea, ukifoka ukiwa na kipandauso sauti yako mwenyewe inakupasua. Nilijaribu simu yenye katuni. Mwanga ule chumbani ulikuwa kama kisu. Mchezo tulionao sasa ulibuniwa na mkubwa wangu, akiwa na miaka sita. Tunauita mchezo wa mawe. Natandika mkeka sakafuni, si kitandani, ili mdogo asianguke. Naziba dirisha kwa blanketi. Kila mtoto anakuwa jiwe. Mkubwa ndiye Bismarck, lile jiwe la ziwani pale mjini, maana limesimama ndani ya maji miaka yote na halitikisiki. Anayetikisika anageuka samaki, na samaki lazima aje kulala miguuni pa mama. Kwa hiyo anayeshinda anajivuna na anayeshindwa analala, na sote tunapata tulichokuwa tunataka.

Wakichoka na hilo, tuna mawe kweli. Tuliyaokota Igombe ufukweni siku ya Jumapili, laini, makubwa kama yai la bata, yasiyoweza kuingia mdomoni mwa mdogo. Yanakaa chini kwenye mtungi wa maji. Nalala kifudifudi, wanayatoa mmoja mmoja, wanayapanga mgongoni kwangu na shingoni, wanahesabu kwa kunong'ona. Moja huwa nalikandamiza kwenye panja, pale penye chale. Jiwe la mtungini lina ubaridi unaokaa, linapata joto taratibu kuliko kitambaa. Mdogo akitaka kunyonya, wakati ule alipokuwa bado ananyonya, nilijilaza ubavu akanyonya vivyo hivyo, mawe yakiporomoka.

Nisiwadanganye kwamba mambo ni mazuri. Kuna siku natambaa kwenda kutapika kwenye beseni na mtoto amening'inia mgongoni. Kuna siku ya dagaa: wakishusha magunia kwenye soko la samaki la Mwaloni na upepo wa mchana ukapanda kutoka ziwani, harufu inafika mpaka ndani ya blanketi, na nikiwa mzima harufu hiyo ni chakula, ni kazi za watu, ni nyumbani; lakini kichwa kikiwa kimeshika nalia kwa ajili yake. Kuna siku wanalala njaa hadi saa kumi. Kwa hiyo ndani ya ndoo yenye mfuniko naweka matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga na chupa za maji, vitu mtoto anavyoweza kula bila moto na bila mimi.

Kilichoniumiza kuliko maumivu yenyewe nilikisikia dirishani. Mkubwa wangu alikuwa anacheza nje na mwenzake, mwenzake akacheka kwa sauti, na binti yangu akamziba mdomo kwa kiganja. "Usicheke. Ukicheka mama yangu kichwa kinapasuka." Siku hiyo sikuwa hata naumwa. Nilikuwa nakata kitambaa, mzima kabisa, na mtoto wangu nje anawafundisha wenzake kutocheka.

Nilikuwa sijawahi kumweleza chochote. Nilikuwa nasema tu nyamazeni, mama anaumwa, na mtoto akimalizia mwenyewe kile ambacho hukumwambia, hujiweka yeye kuwa sababu. Usiku ule nilimketisha kwenye jiwe nje, nikamwambia: kichwa changu kinaumwa kwa sababu nimezaliwa nacho, mama yangu anacho. Kinakuja kama mvua inavyokuja kutoka ziwani. Hakuna mtoto aliyeiita, na hakuna mtoto anayeweza kuifukuza. Ikifika tunaingia ndani, ikikatika tunatoka. Kelele zinaniuma nikiwa naumwa, kama jua linavyoniuma, lakini si kelele zilizokileta. Akaniuliza, "Utakufa?" Nikamwambia hapana, hiki hakiui, na kama siku moja nitaumwa kitu cha kutisha nitakwambia twende hospitali, sitakuficha. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama kesho anaweza kucheza rede na wenzake hapo uani kwetu. Wakacheza mpaka giza.

Daftari nalo. Daktari aliniagiza niandike kila siku: kichwa kipo au hakipo, hedhi, usingizi, nimekula nini na saa ngapi. Nilikuwa na hakika adui yangu ni miwa, maana kila nikiitafuna kesho yake naumwa. Baada ya miezi minne daftari likasema vingine. Siku moja kabla ya kichwa mwili wangu hupiga miayo, shingo hukakamaa, na hutamani kitu kitamu. Kumbe kichwa kilikuwa kimeshaanza ndipo nikatamani miwa, na mimi nikawa nairuka miwa bure. Vilivyojitokeza kweli ni vitatu: siku mbili kabla ya hedhi, usiku ambao nimeshona hadi saa nane, na asubuhi ambazo nimelisha watoto wote nikasahau kula mimi. Hili la mwisho linanihuzunisha kila nikilitazama. Siku ngapi nimeanguka kwa sababu nilikomba sufuria kwa ajili ya wengine. Sasa nakula kwanza, tena mbele yao, na sioni haya.

Baba watoto alichelewa kuamini. Kwenye simu alikuwa akisema, "Kichwa tu, mke wangu, si unameza dawa?" Simlaumu sana, kichwa hakivimbi, hakitoki damu. Alikuja kwa likizo, taa zikawaka mbele yake, akaniona natafuta kikombe kilichokuwa pale pale kushoto kwangu, napapasa hewani. Alikaa nasi mkekani siku nzima, jiwe kubwa kuliko yote. Tangu hapo akipiga simu huuliza kwanza, khanga iko wapi?

Kuna mambo mawili yaliyonifundisha nisijiamini kupita kiasi. La kwanza, mwaka jana masika nilikaa na kichwa siku mbili nikikiita kipandauso. Kilikuwa kimeenea kote, sikuona taa, na usiku nilitetemeka. Bibi alinigusa shingo akasema hiki siyo chako. Nilipimwa, malaria. Huku kwetu ziwani mbu hawana huruma, na anayejua ana kipandauso bado anaugua malaria kama wengine. Homa ikiwepo napima, basi. La pili ni wifi yangu. Siku ya sita baada ya kujifungua alinipigia kwamba kichwa kinamuuma sana na anaona ukungu. Nilifungua mdomo kumwambia ajilaze gizani kama mimi. Kitu kikanizuia. Nikamwambia wifi, chukua bajaji sasa hivi. Presha yake ilikuwa juu mno, alilazwa, kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni; nilikuwa sijui kwamba kinaweza kumpata mwanamke hata wiki kadhaa baada ya kuzaa. Mikono ilinitetemeka nikifikiria neno nililotaka kumwambia. Kichwa cha aliyetoka kuzaa, kichwa kinacholipuka ghafla kwa sekunde, chenye homa na shingo ngumu, au mkono na mdomo kulegea, havipelekwi mkekani, vinapelekwa hospitali.

Mkubwa wangu sasa ana miaka tisa. Tangu mwaka juzi alikuwa akilalamika tumbo, katikati pale kwenye kitovu, anapauka, anatapika, analala, saa chache baadaye anaamka anaomba chakula. Tulitibu minyoo, tulipima mkojo, tulipima malaria, kila kipimo safi. Mwalimu wake alidhani anakwepa shule. Mimi nilikuwa najua kitu lakini sikutaka kukijua. Nilirudi Bugando naye, na daktari akasema kwa upole kwamba kwa watoto wengine kipandauso huanzia tumboni, na hukimbilia kichwani wakikua. Na ndiyo, hurithiwa.

Njiani kushuka mlima nilimnunulia daftari lake. Hapendi kuandika, kwa hiyo tulikubaliana achore: siku mbaya anachora jiwe, siku nzuri anaiacha wazi. Asubuhi hanywi chai mpaka nimehakikisha kuna kiporo cha kiazi au chapati pembeni yake. Nilipokwenda shuleni kuzungumza na mwalimu alisikiliza, akampa nafasi ya kukaa mbali na dirisha.

Mwezi uliopita alichora mawe mawili. La pili alilipaka rangi ya bluu, nikamuuliza kwa nini, akasema hilo lilikuwa la mtungini, kwa sababu siku ile mdogo wake ndiye aliyemwekea.